Mbele Duka, Nyuma Nyumba

Februari 1976 serikali ya Tanzania ilianzisha Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa yafungwe, na kazi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika na ya vijiji vya ujamaa. Ofisini amri hiyo ilisomeka vizuri. Kwenye miji midogo ya bara la Tanga ikakutana na jengo ambalo walioiandika hawakulifikiria: mlango wa duka ndio mlango wa nyumba, gunia la sukari limeegemea ukuta ambao upande wake wa pili analala mtoto, na anayepima mafuta ya taa mchana ndiye anayekoka moto jikoni jioni. Afisa akija na kufuli kufunga biashara, kufuli hilo linaishia kwenye makazi ya watu.

Jengo hilo, mbele duka na nyuma nyumba, lilitengeneza miji midogo ya Tanga kuliko boma na kuliko stesheni. Limepita katika mikono ya Mjerumani, Mwingereza na serikali ya uhuru, na kila mtawala aliliona nusu tu. Aliyeona duka alilitoza au akalifunga. Aliyeona nyumba aliipima thamani. Waliokaa ndani hawakuwa na nusu mbili, kwa sababu nyumba ndiyo iliyolisha duka kwa kazi isiyolipwa na pango lisilodaiwa, na duka ndilo lililolisha nyumba.

Maramba ni mahali pazuri pa kulitazamia. Mji huu uko Wilaya ya Mkinga, iliyomegwa kutoka Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Ukitoka Tanga unafuata njia ya Horohoro hadi Mabokweni, kisha unaiachia lami iende zake mpakani na wewe unashika bara. Kushoto na kulia ni nchi ya mashamba makubwa, Mjesani, Kwamtili na mengine. Nyuma ya mji ni milima yenye iliki na migomba. Mbele, upande wa kaskazini, ni mpaka wa Kenya. Wadigo, Wasegeju na Wasambaa wamechanganyika hapa, pamoja na wageni walioletwa na mkonge, na baadaye vijana walioletwa na kambi ya JKT. Mahali pa namna hiyo, panapokutana watu wenye fedha kidogo na mahitaji mengi, hapakosi muuza duka.

Kabla ya duka palikuwa na gulio. Watu wa mlimani walishuka na ndizi, tumbaku na samli, wa nyikani wakaja na mifugo na chumvi, wakakutana kwa siku maalumu na kutawanyika jioni. Gulio halihitaji nyumba. Biashara ya misafara ndiyo iliyodai mtu wa kukaa. Baada ya Kimweri ya Nyumbai kufa mwaka 1862, ufalme wa Wasambaa ulipasuka, na mwanawe Semboja akaweka makao yake Mazinde, bondeni, njia ya misafara ilipopita, badala ya kukaa Vuga juu mlimani kama walivyofanya watawala kabla yake. Alijua anachokifanya. Utajiri ulikuwa umeshuka mlimani: merikani, baruti na bunduki zilipanda kutoka Pangani, na pembe na watumwa wakateremka pwani. Kwa mizigo ya namna hiyo mfanyabiashara alitaka mahali pa kuweka vitu vyake na kulala juu yake.

Ramani ya jengo ilikuwa imeshavuka bahari. Mitaa ya Mji Mkongwe wa Unguja, tangu enzi za Seyyid Said, ilijaa nyumba za Wahindi zilizofuata mtindo wa masoko ya Kutch na Gujarat: chini kwa mbele duka lililo wazi kwa upana wote wa nyumba, nyuma yake stoo, na juu au uani familia. Wachina walikuwa na nyumba zao za namna hiyo kusini-mashariki mwa Asia. Huko Singapore mpango wa mji wa 1822 wa Raffles, afisa Mwingereza, ulilazimisha kila nyumba ya mtaa iwe na baraza lililoezekwa ili mpita njia asinyeshewe. Huku kwetu hapakuwa na sheria ya baraza. Jua lilitosha.

Kutoka Unguja na Bagamoyo maduka yalisambaa kwa undugu na mikopo. Allidina Visram aliwasili kutoka Kutch mwaka 1863 akiwa na umri wa miaka 12, akafanya kazi chini ya Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo, kisha akajitanua mwenyewe kufuata njia za misafara na baadaye reli ya Uganda, hadi alipofariki mwaka 1916 akiwa na matawi yaliyoenea Kenya na Uganda. Watu humtaja kama mfalme wa maduka. Mimi huvutiwa zaidi na wale waliokuwa mwisho wa mnyororo: kijana anayepewa bidhaa kwa mkopo na tajiri wa pwani, anapelekwa mahali pasipo na duka, anajenga kibanda cha miti na udongo, analala sakafuni kati ya majora ya nguo, na mambo yakienda vizuri anaagiza mke. Nyumba ilizaliwa nyuma ya duka, chumba kimoja kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nyingi za nyumba hizi hazina ulinganifu nyuma. Mbele zimenyooka kama rula, uani zimejikusanya tu kadiri watoto walivyoongezeka.

Mambo matatu yaliyotokea Tanga katika miaka ya 1890 yaliwafungulia watu hao njia. Ujenzi wa reli ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Muheza 1896, Korogwe 1902, na Moshi 1911. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf aliagiza vikonyo 1,000 vya mkonge kutoka Florida. 62 tu ndivyo vilivyofika hai, vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutoka humo likatokea zao lililoitawala nchi ya Tanga kwa miaka 70. Na mwaka 1898 Wajerumani wakaanza kudai kodi ya nyumba. Mwenye kibanda akatakiwa atafute rupia, na rupia ilikuwa ama shambani kwa mzungu ama mezani kwa mwenye duka, anayenunua ufuta, nta na kopra kwa mlango uleule anaouzia kaniki.

Hapo pana jambo ambalo hadithi za maduka hulisahau. Duka la mji mdogo halikuwa la kuuza tu. Upande mmoja wa kaunta bidhaa za pwani zilikuwa zinatoka, upande mwingine mazao yalikuwa yanaingia, na mizani ilikuwa moja. Mkulima aliyeleta gunia la mahindi aliondoka na sabuni, chumvi na nusu jora, na tofauti ikaandikwa. Muuza duka alipata faida mara mbili, na mteja alilijua hilo. Lawama za mawe ya mizani yaliyochongwa, za kibaba kilichobonyezwa tako na za gunia lililopimwa mara ya pili ni za zamani kama duka lenyewe, na nyingi zilikuwa za kweli. Hata hivyo gulio lililofuata lilikuwa siku kadhaa mbele, na mwenye duka alikuwa hapo hata usiku. Ukiuguliwa na mtoto saa tano za usiku, ungegonga mlango wa nani?

Mkonge ulilipa duka mwendo wake wa mwezi. Mfanyakazi wa shamba hakulipwa kwa siku za kalenda. Alipewa kipande, kadi yenye siku 30 za kazi anazotakiwa kuzimaliza ndani ya siku 42, na mshahara ulitoka kadi ikijaa. Manamba, vibarua wa mkataba, waliotoka Kigoma, Njombe, Burundi na Msumbiji walifika bila shamba la chakula na bila ndugu. Kati ya siku ya kwanza ya kipande na ya mwisho walikula nini? Posho ya shamba ilikuwepo, unga na maharage. Tumbaku, sukari, samaki mkavu, sigara, kiberiti na shuka vilitoka dukani, kwa deni. Kadi zikijaa, baraza linajaa watu. Kadi zikiwa nusu, muuza duka anakaa na fundi cherehani wake wakitazama barabara. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuajiri, SILABU, kilichosomba watu kwa maelfu, na bei za mkonge zilipopanda wakati wa vita vya Korea fedha zikafika hadi kwenye kaunta za mbao za miji hii. Baadhi ya maduka ya udongo yaligeuka ya mawe wakati huo.

Tuingie ndani sasa, maana ramani ya jengo inasema mengi kuliko mwenye nyumba angekubali kusema. Kwanza ni baraza, limeinuliwa hatua moja au mbili kutoka barabarani, limefunikwa na ukingo wa bati unaoshikwa na nguzo za mbao. Hapo pana cherehani ya miguu. Fundi mara nyingi si mtu wa nyumba hiyo, ila hukaa bila kulipa pango kwa sababu kila anayenunua kitambaa hukishona hapohapo. Kisha milango, mipana, ya vipande vya mbao vinavyokunjana, ili asubuhi ukuta wote wa mbele upotee na bidhaa zionekane toka ng'ambo ya njia. Usiku vipande hivyo vinafungwa kwa komeo refu la chuma linalopita kwa ndani kutoka upande hadi upande. Kaunta ina ubao mmoja wa kuinua. Huo ndio mpaka. Mteja wa kawaida haupiti, mteja mkubwa anaweza kukaribishwa kiti ndani. Nyuma ya kaunta pana rafu hadi darini, chini madebe na magunia yaliyokunjwa mdomo, na droo ya fedha yenye vishimo vilivyochongwa kwenye mbao kwa ajili ya sarafu.

Nyuma ya rafu kuna mlango mdogo wenye pazia. Mtu wa nje aliona pazia miaka 30 bila kujua kilichoko nyuma. Kilichoko ni stoo, yenye dirisha dogo la nondo na harufu ya sabuni, iliki na ngozi. Halafu vyumba viwili vitatu vya kulala. Halafu ua, na uani kisima au pipa la maji ya mvua linalokinga bati lote, jiko, choo mwisho kabisa, na mlango wa nyuma unaoelekea kichochoroni. Huo mlango wa nyuma utakuja kuwa na kazi kubwa katika miaka ya 1970.

Mipango hiyo ilikuwa na akili ya fedha. Mwenye nyumba hakulipa pango mara mbili, hakuajiri mlinzi, hakufunga mapema, na mwanawe wa miaka 10 alijua kufunga sukari kwenye karatasi kabla hajajua kugawanya. Mke alikuwa karani bila cheo. Mume akisafiri Tanga kuleta mzigo, yeye ndiye aliyepima, aliyekopesha, aliyekataa kukopesha. Jina lake halimo katika leseni wala katika hati ya kiwanja, na wanahistoria wa biashara nao wamempita kimya, jambo ambalo kwangu ni aibu, kwa sababu ukiondoa kazi ya mke na watoto katika hesabu za duka la mji mdogo, nyingi zinaonyesha hasara.

Si Wahindi peke yao. Waarabu wa Hadhramaut, Washihiri, walishika maduka mengi ya bara la Tanga, na mengi yalikuwa madogo zaidi, ya kahawa, tende, mafuta na unga. Waafrika nao walikuwa na jengo lao tayari. Nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele na ua nyuma, inageuka duka kwa kazi ya asubuhi moja: toboa dirisha pana kwenye chumba cha mbele, tia ubao. Mvutano ulikuwa wa mtaji na leseni. Erika Fiah, aliyeanzisha gazeti la Kwetu mwaka 1937, alikuwa mwenye duka Dar es Salaam, na manung'uniko ya wenye maduka Waafrika juu ya upendeleo waliopewa wengine yalikuwa sehemu ya siasa zake. Baada ya vita vya pili vya dunia askari waliorudi kutoka Burma na kwingineko walitia akiba zao katika biashara. Wengi walifunga baada ya muda mfupi. Hawakuwa na tajiri wa pwani wa kuwapa mzigo wa mkopo, na ndugu waliokopa hawakuona haja ya kulipa.

Hapo ndipo tunakuja kwenye daftari. Katika nyumba-duka yote hakuna kitu kilichowasumbua watawala kama daftari la madeni. Lilikuwa jembamba, refu, limefungwa kwa kitambaa chekundu na uzi, na kwa maduka ya Wahindi liliandikwa Kigujarati. Mwaka 1923 Waingereza walileta sheria mpya za leseni za biashara, za wachuuzi na za kodi ya faida, na ndani yake wakataka vitabu vya hesabu viandikwe kwa lugha na herufi ambazo maofisa wangeweza kuzisoma. Kigujarati kikawa nje. Wafanyabiashara wa Kihindi Tanganyika nzima walijibu kwa kufunga maduka, na wakayaacha yamefungwa kwa wiki nyingi. Wenye maduka ya mjini walirudi majumbani. Wale wa miji midogo hawakuwa na pa kurudi. Walikunja milango yao, wakabaki ndani, na maisha yakaendelea kwa upande wa ua. Mgomo wa mtu anayeishi dukani ni mgomo mgumu kuuvunja, kwa kuwa hakuna anayejua kama stoo imefungwa kweli au imefungwa kwa mbele tu. Hatimaye serikali ililegeza.

Mwaka 1931 ikaja sheria nyingine, ya kuzuia mikopo kwa Waafrika. Deni la Mwafrika kwa mfanyabiashara asiye Mwafrika lisingeweza kudaiwa mahakamani bila idhini ya maandishi ya ofisa wa serikali. Shabaha ilisemwa kuwa ni kumlinda mwananchi asinyonywe. Nia ikiwa njema au mbaya, matokeo yalikuwa ya ajabu: mikopo ya dukani haikupungua, ila ilitoka kabisa mikononi mwa mahakama. Ikabaki sura, ukoo, jirani na aibu. Mwenye duka alikopesha mtu ambaye mkewe alimjua, ambaye watoto wake walipita barazani kila siku kwenda madrasa. Kuishi palepale ndiyo ilikuwa dhamana yake. Tajiri wa Tanga mjini angeweza kuwa na fedha mara mia, asingeweza kukopesha Maramba. Kwenye rafu waliandika "Kukopa harusi, kulipa matanga" na chini ya maandishi hayo wakaendelea kukopesha.

Vita vya kwanza vya dunia viliwaonyesha wenye maduka pia ubaya wa kuishi juu ya mali yako. Waingereza walishindwa vibaya Tanga Novemba 1914, wakarudi na kuichukua Julai 1916. Kati ya tarehe hizo Wajerumani, meli zikiwa zimezuiwa, walichapa noti za karatasi humuhumu nchini na kuwalazimisha wafanyabiashara wazipokee. Zilipokwisha nguvu, zilibaki ndani ya masanduku zikiwa karatasi tu. Baadaye rupia yenyewe ikaondolewa na shilingi ikaingia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Aliyekuwa na akiba ya bidhaa alipona kuliko aliyekuwa na akiba ya fedha, somo ambalo wenye maduka hawakulisahau hata kizazi cha pili. Mali za Wajerumani ziliuzwa kwa mnada, na Wahindi na Wagiriki wakawa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa viwanja na mashamba. Miongoni mwa Waismaili palikuwa na msaada mwingine: baada ya kiongozi wao, Aga Khan wa tatu, kupimwa kwa almasi katika jubilei yake Dar es Salaam Agosti 1946, fedha za jubilei hiyo zilianzisha mfuko wa uwekezaji uliokopesha wanajumuiya wajenge nyumba na kukuza biashara.

Faida ya duka ilipoonekana, haikutiwa tena kwenye duka. Ilipelekwa mjini. Lengo la mwenye duka wa bara lilikuwa kujenga jengo Tanga au Dar es Salaam, la ghorofa akiweza, alipangishe, na uzeeni ale pango lake. Wafanyakazi wa serikali walikuwa na pensheni. Yeye pensheni yake ilikuwa jengo.

Kwa hiyo Aprili 1971 ilimpiga mahali asipopategemea. Sheria ya kutwaa majengo ililenga majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakai ndani. Karibu majengo 3,000 yalikwenda kwa Msajili wa Majumba, mengi yakiwa ya Waasia, na fidia ilipungua kwa kila mwezi wa umri wa jengo hadi ikawa sifuri kwa jengo lililopita miaka 10. Nyumba-duka ya mji mdogo ilinusurika: haikufika thamani hiyo, na mwenyewe alikuwa analala humo. Kilichokwenda ni lile jengo la mjini lililojengwa kwa senti za kaunta hiyo. Mwaka uliofuata Idi Amin akawafukuza Waasia Uganda, na hata waliokuwa na uraia wa Tanzania wakaanza kuuliza habari za Canada na Uingereza. Maelfu waliondoka. Katika miji midogo nyumba nyingi ziliuzwa kwa bei ya haraka kwa Waarabu, kwa Wasambaa na Wapare wenye fedha za kahawa na iliki, au kwa karani wa duka lilelile aliyekuwa akijua kila msumari wake.

Huku mzigo ulikuwa umeshakuwa wa serikali. Tangu Azimio la Arusha la Februari 1967 biashara ya jumla ilishikwa na shirika la biashara la taifa, kisha kuanzia 1973 na makampuni ya biashara ya mikoa, RTC. Mwaka huohuo wa 1973 ikaundwa Tume ya Bei. Muuza duka hakuamua tena anachouza wala kwa kiasi gani, alipewa mgawo. Ndipo ikaja 1976.

Operesheni Maduka iliungwa mkono kwa nguvu na Waziri Mkuu Rashidi Kawawa, mwaka mmoja baada ya Sheria ya Vijiji vya Ujamaa ya 1975. Wazo la kwamba faida ya duka ibaki kijijini, isiende kwa mtu mmoja, si wazo la kipuuzi. Mtu yeyote aliyepunjwa kwenye mizani angelipigia makofi. Kosa lilikuwa la hesabu. Duka la ushirika lilihitaji jengo, mlinzi, mtunza stoo, mweka hazina na kamati, wote wakitaka posho, na lilifungwa saa za ofisi. Lilishindana na familia ambayo haikulipana mshahara na haikuwa na saa za ofisi. Tena ushirika haukukopesha, au ulikopesha wajumbe wa kamati. Sehemu nyingi duka la zamani lilifungwa kabla la ushirika halijapata hata katoni ya sabuni, na watu wakawa wanatembea maili kutafuta chumvi. Kabla mwaka haujaisha kasi ikapunguzwa na viongozi wakaonya kwamba lisifungwe duka kabla mbadala haujakuwa tayari. Kufikia hapo walioamua kuhama walikuwa wamehama.

Waliobaki walijifunza kutumia mlango wa nyuma. Februari 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa, ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983, na mji kama Maramba ukajikuta unaishi jirani na maduka ya Lungalunga, ng'ambo ya mpaka, yaliyojaa sabuni na dawa ya meno wakati ya kwake yana chumvi na kiberiti tu. Katika nchi ya mpakani, ambako Wadigo wana ndugu pande zote mbili, kilichofuata hakikuhitaji kufundishwa. Iliki na kahawa zilikwenda, mafuta ya kula, vitenge na betri zilikuja, na magendo hayakupita barazani. Yalipita kichochoroni, uani, chini ya uvungu. Mbele, rafu tupu zilimwambia mkaguzi ukweli wa upande mmoja.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi, sehemu ya nyumba ndiyo iliyopekuliwa. Polisi na mgambo walipita kaunta bila kuitazama, wakainua magodoro. Kulikuwa na walanguzi kweli, na kulikuwa na watu waliokamatwa kwa mche wa sabuni wa matumizi yao. Katika jengo ambalo bidhaa na vyakula vya familia hukaa stoo moja, nani angeweza kuthibitisha kwamba mifuko mitatu ya sukari ni ya harusi ya binti na si ya kulangua? Watu wa umri wangu wanakumbuka vitu vilivyotupwa usiku mitoni na maporini.

Bajeti ya Juni 1984 iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa walizipata wapi, na mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi akaingia Ikulu. Rafu zikajaa. Wateja wa zamani, hata hivyo, hawakuwepo. Uzalishaji wa mkonge, uliokuwa zaidi ya tani 220,000 mwaka 1964, ulikuwa chini ya tani 40,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Nyuzi za plastiki ziliua bei na mashamba ya umma yakazidiwa na majani. Hakukuwa tena na siku ya kipande. Maduka yaliyoishi ni yale yaliyokuwa na mkulima wa mlimani kama mteja, au yaliyogeuza nusu ya stoo kuwa mashine ya kusaga.

Nyumba hizo ndizo zinazoanguka sasa. Ukipita miji ya zamani ya Tanga utazitambua kwa upana wa milango yake ya mbele, mara nyingi imezibwa kwa tofali nusu na kuachwa dirisha. Pangani bado zipo mtaani karibu na mto, nyingine zina mti juu ya ukuta. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. La baada ya hapo linasubiri litangazwe na waziri. Duka la mkonge la miaka ya 1920 halijamshughulisha waziri yeyote, na sishangai. Boma la Mjerumani linapata kibao na watalii kwa sababu aliyekaa humo aliandika ripoti. Aliyekaa dukani aliandika madeni, na madaftari hayo yalichomwa, yalifungiwa karanga, au yako katika sanduku la mjukuu Toronto asiyesoma Kigujarati. Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel wa 2021, amemweka mwenye duka wa namna hiyo mwanzoni mwa riwaya yake Desertion, akiishi nyuma ya duka lake katika mji mdogo wa pwani ya Kenya. Kwa sasa riwaya ndiyo nyaraka nzuri tuliyonayo.

Lakini ramani haijafa. Tembea Maramba au Muheza uone kinachojengwa na mwalimu mstaafu aliyepata kiinua mgongo: fremu mbili au tatu mbele, geti la chuma pembeni, nyumba nyuma. Fremu moja anaishika mkewe, ya pili amepangisha wakala wa fedha za simu, ya tatu inasubiri kijana amalize chuo. Mlango wa kukunja wa mbao umekuwa wa bati la kuviringisha, cherehani imehamia kando ya friji ya soda, na daftari lipo palepale kwenye kaunta, la kurasa 96, likiandikwa Kiswahili. Mabwana mipango miji nao wameacha kubishana na jengo hili. Kwenye michoro ya viwanja vya pembezoni mwa barabara, matumizi ya kiwanja sasa huandikwa kwa mstari mmoja: makazi na biashara.